Pembe sita zisikuharakishe: kwa wanaoanza kusoma Hexagonaria

Wengi wanaoanza kusoma matumbawe ya kale hukutana kwanza na Hexagonaria, jenasi ya matumbawe yaliyogeuka mawe, kwa sababu inapatikana kwa wingi kaskazini mwa Michigan, Marekani. Huko jiwe lenye Hexagonaria percarinata huitwa Petoskey, na tangu 1965 ndilo jiwe rasmi la jimbo. Shida ni kwamba mtu akishaona vyumba vya pembe sita, yaani vile alimoishi kila mnyama wa tumbawe, anaandika lebo na kufunga daftari.

Lowesha jiwe kwanza. Likiwa kavu ni chokaa ya kijivu tu, utalipita. Likilowa, vyumba vinajitokeza kimoja kimoja: doa jeusi katikati, na vikuta vyembamba vinavyotoka ukingoni kulielekea, kama spoku za baiskeli. Chukua lenzi uvikague hivyo vikuta, maana Favosites, tumbawe jingine la kale, nayo ina vyumba vya pembe vilivyobanana na hupatikana katika miamba ya eneo hilohilo. Vyumba vyake kwa kawaida ni vidogo zaidi, vikuta vya ndani havionekani vizuri au havipo kabisa, na kuta zake zina vitundu. Ukibaki na wasiwasi, kata jiwe mara mbili, kwa upana na kwa urefu. Mkato mmoja mimi siuamini.

Kusugua, tumia msasa na maji, kwa mkono: msasa namba 220, kisha 400, kisha 600, kutoka mkavu hadi laini. Mashine ya kuzungusha mawe iache. Kalsaiti, madini yaliyounda jiwe hili, ina ugumu wa 3 tu kwenye kipimo cha Mohs kinachofika 10, italika kabla hujaona chochote. Ukipima chokaa kwa asidi, idondoshe upande wa nyuma.

Jambo ambalo wanafunzi hulipuuza ni mahali jiwe lilipotoka. Matumbawe haya yaliishi kwenye bahari ya joto yenye kina kifupi, kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Baadaye sana barafu iliyoburuza ardhi ile iliyang'oa mawe na kuyatawanya. Kwa hiyo la ufukweni litakufundisha umbo, ila halitakuambia tabaka lake. Ukitaka tabaka, omba ruhusa uchukue sampuli kwenye ukuta wa machimbo, na uandike namba kabla ya kuosha. (Waliokulia Lamu au Unguja wasiyalinganishe na mawe ya matumbawe ya nyumba za kwao: yale ni ya juzi tu, na ya kundi jingine. Kundi la Hexagonaria, Rugosa, lilitoweka lote mwishoni mwa kipindi cha Permi.)

Na ukienda kuokota kwenye ardhi ya jimbo la Michigan, sheria inakuruhusu ratili 25 kwa mwaka, kama kilo 11.