Risasi ya Sarajevo, noti za Ujerumani na makaburi ya Tengeru

Maswali ya safari hii yote yanahusu misukosuko ya Ulaya katika karne ya 20. Nimeyafupisha kidogo.

Shuleni tulifundishwa kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza kwa sababu kijana mmoja alimuua mwana wa mfalme wa Austria. Je, mtu mmoja anaweza kuwasha moto mkubwa kiasi hicho? (Msomaji, Tanga)

Hawezi. Kwanza, Franz Ferdinand hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa mrithi wa kiti cha enzi, mtoto wa mdogo wake mfalme. Gavrilo Princip, mwenye miaka 19, alimpiga risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai. Hesabu mwenyewe: mwezi mzima ulipita, na mwezi huo ndio wa kuuchunguza. Tarehe 5 Julai Ujerumani iliiahidi Austria kuwa nayo bega kwa bega kwa lolote itakaloamua. Tarehe 23 Julai Serbia ikapewa masharti mazito na saa 48 za kujibu. Ikakubali karibu yote, lakini haikusaidia kitu. Urusi, iliyokuwa upande wa Serbia, ilipoanza kuyaita majeshi yake, Ujerumani ikafuata mpango wake wa siku nyingi wa kuipiga kwanza Ufaransa, mshirika wa Urusi, kwa kupitia Ubelgiji, na hapo Uingereza, iliyokuwa imeahidi kuilinda Ubelgiji, nayo ikaingia. Siwapendi wanaosema vita "vililipuka", kana kwamba ni volkano. Kila hatua ilikuwa na mkono ulioitia saini.

Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yaliadhimishwa Novemba? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu ya kalenda. Urusi ya wakati huo ilitumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, hivyo 25 Oktoba 1917 yao ni 7 Novemba kwetu. Hata Mapinduzi ya Februari ya mwaka huohuo, yaliyomwondoa mfalme, kwa kalenda yetu yalianza tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, pale wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo mjini Petrograd walipoingia barabarani kudai mkate. Wiki moja baadaye mfalme akajiuzulu.

Nimesoma kwamba Wajerumani walibeba noti kwenye mikokoteni kwenda kununua mkate, na ndiyo maana wakamchagua Hitler. Ni kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Noti zilikuwa hivyo kweli, ila "ndiyo maana" ina kasoro, na napenda tuiangalie polepole.

Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliingiza majeshi katika bonde la Ruhr kwa sababu Ujerumani ilikuwa inachelewesha fidia ya vita. Wafanyakazi wa huko wakagoma, na serikali ikawalipa kwa kuchapisha noti. Kufikia Novemba dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka hana kitu. Lakini mwezi huohuo sarafu mpya ilianza kutolewa, na bei zikatulia. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa 1928, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura.

Kilichompandisha ni mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Mikopo ya Marekani ilikauka, na Kansela (mkuu wa serikali) Brüning akabana matumizi kwa kukata mishahara na posho huku akipandisha kodi. Mwanzoni mwa 1932 watu zaidi ya milioni 6 hawakuwa na kazi. Chama kile kikapata asilimia 18.3 mwaka 1930, kisha 37.3 Julai 1932.

Na hata hapo hakikuwa na wingi bungeni. Uchaguzi wa Novemba 1932 kilishuka hadi asilimia 33.1. Hitler alipewa ukansela na Rais Hindenburg tarehe 30 Januari 1933, baada ya wanasiasa wa kihafidhina, Franz von Papen akiwa mstari wa mbele, kuamini kwamba wangemshika hatamu. Hili hunitia uchungu kila nikilisoma: alikuwa anashuka, wakamwinua.

Karibu na Arusha kuna makaburi ya Wapolandi. Walifikaje huku? (Msomaji, Moshi)

Ni ya Tengeru. Septemba 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziligawana Polandi. Wasovieti wakazihamisha familia kwa mamia ya maelfu hadi Siberia na Kazakhstan, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachia. Mwaka 1942 wanaume wakatoka na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders kupitia Iran, nao wanawake, wazee na watoto, wengi wao yatima, wakatafutiwa makambi. Uganda ilikuwa na Masindi na Koja. Hapa kwetu Tengeru ilipokea watu wapatao 5,000, wakajenga kanisa na shule, wakalima.

Vita vilipokwisha 1945, wengi hawakuwa na pa kurudi. Mpaka ulikuwa umesogezwa, na vijiji vyao vilikuwa ndani ya Urusi ileile iliyowafukuza. Wengine wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Wachache walibaki Tengeru hadi uzeeni, na majina yao yamo kwenye mawe hayo uliyoyaona.