Swali la lugha: "Chuma" ndani ya dawa ya MRI, mgonjwa asikimbie

Msomaji mmoja anatafsiri kipeperushi cha wagonjwa kuhusu dawa za MRI, zile za kuchomwa sindano ili picha ya mashine ya sumaku ionekane vizuri, ambazo watafiti wanatengeneza kwa polima (minyororo mirefu ya molekuli) na chuma ili zichukue nafasi ya zile za gadolini, metali nyingine. Kaandika "kichunguzi cha polima chenye chuma kisichodhuru mwili", anauliza iko sawa? Maana mama yake kasoma, kashtuka.

Mama ana haki ya kushtuka jamani. Mtu kabla hajaingizwa kwenye ile mashine anaambiwa vua saa, toa hereni, una chuma chochote mwilini? halafu hapohapo unamwambia anachomwa sindano yenye chuma! Kwetu chuma ni metali yoyote ngumu, nondo, msumari, na pesa ikikosekana tunasema vyuma vimekaza, nani hapo anafikiria damu. Ila kipo kwenye damu, mtu mzima ana kama gramu 3 au 4 hivi mwili mzima, kamsumari kadogo tu, na ndo maana watafiti wanakipenda, mwili unajua pa kukipeleka, wakati gadolini ni mgeni na kwa watu wenye figo zilizochoka sana imeshaleta balaa la ngozi kukakamaa.

Sasa andika "madini chuma", bila "ya". Hako ka-ya kanabadili kila kitu, madini ya chuma ni yale ya Liganga kule Ludewa, ya kuchimba na katapila, ila madini chuma ni ya kliniki, ya maini na mchicha, ndugu yake madini joto ya kwenye chumvi.

"Kisichodhuru" inaahidi makubwa mno, dawa ya hivyo sijaiona. Si tunasema dawa fulani imenikataa? Basi weka "inayokubaliana na mwili". Polima iache ilivyo, usije ukaiita plastiki, hata wanga wa ugali ni polima, na kuna dawa za aina hii ambazo chuma chake kimevikwa dekstrani, minyororo ya sukari tu.

Na "kichunguzi" kitoe, mtu atadhani ni kidude kinaingizwa tumboni. Hospitali watu wanasema dawa ya rangi, japo picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, na chuma mara nyingine kinatia weusi badala ya kung'arisha. Weka hiyohiyo, mama ataelewa.