Maswali na Majibu: Kupima Yaliyo Moyoni Wanandoa Wanapobishana

Je, kuna chombo kinachoonesha mwenzi wangu anawaza nini tunapogombana?

Hakuna. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na anayekuuzia programu ya simu inayodai kufanya hivyo anazitaka fedha zako tu.

Ikiwa hakuna chombo, watafiti huyapimaje mawazo hayo? Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia.

Njia iliyozoeleka ni kuwarekodi wanandoa kwa video wakijadili jambo wanalotofautiana kweli, kisha kumketisha kila mmoja katika chumba chake, aitazame video hiyo kipande kwa kipande na kueleza alichokuwa akiwaza. Alan Sillars na wenzake walipoitumia njia hii katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walikuta ni nadra mume au mke kujaribu kuliona jambo kwa jicho la mwenzake. Kila mmoja alijiona kuwa ndiye anayetafuta suluhu, na mwenzake kuwa ndiye mgomvi au mkwepaji. Video ni ileile, maneno ni yaleyale, mashtaka ni mawili. Kuwatenganisha vyumba si urembo, kwa kuwa ukiwatazamisha pamoja utaishia kurekodi awamu ya pili ya ugomvi.

Hata hivyo, nawarudia wanafunzi wanaoniandikia kila muhula: mnachokusanya ni maelezo ya mtu kuhusu mawazo yake, tena aliyoyatoa baada ya jambo kupita, wala si mawazo yenyewe. Richard Nisbett na Timothy Wilson walionya tangu mwaka 1977 kwamba watu hutaja sababu za matendo yao kwa uhakika mkubwa hata pale wasipozijua. Liandikeni hilo mwanzoni mwa tasnifu zenu, msilifiche kwenye ukurasa wa mwisho.

Tumeoana miaka 22. Mke wangu akinyamaza tu, najua anachowaza. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka.

Hujauliza kitu, lakini nitakujibu. William Ickes wa Chuo Kikuu cha Texas, Arlington, humtaka mtu atazame video ya mazungumzo na kukisia mawazo ambayo mwingine ameshayaandika, na waamuzi huyapa makisio hayo alama kuanzia 0 hadi 2. Watu wasiofahamiana hupata takriban asilimia 20 ya alama zote. Marafiki na wenzi huwazidi, lakini si kwa mbali. Tena Geoff Thomas, Garth Fletcher na Craig Lange, waliowachunguza wanandoa wa New Zealand mwaka 1997, walikuta waliodumu muda mrefu zaidi ndio waliokosea zaidi, na mimi sishangai, kwani aliyekwisha kujiaminisha kwamba anajua haoni haja ya kuuliza. Methali yako ni nzuri, ila haikusema kwamba kila anyamazaye anafukuza. Huenda mkeo anawaza ada ya shule.

Na mapigo ya moyo? Nasikia yanatabiri talaka kwa asilimia 90.

John Gottman na Robert Levenson walipima mapigo ya moyo na jasho la ngozi wanandoa wakizungumza. Moyo kwenda mbio huonesha kwamba mtu ametibuka, lakini hausemi kama ni kwa hasira, hofu au aibu. Asilimia hiyo hutokana na kanuni za hesabu za kutabiri talaka, na Richard Heyman na Amy Slep walieleza mwaka 2001 kwamba kanuni iliyoundwa kutokana na watu ambao matokeo yao yameshajulikana lazima ijaribiwe kwa watu wengine kabla ya kuaminiwa. Mshauri wa ndoa anayewatajia wateja wake tarakimu hiyo bila onyo hilo anawatisha bure.

Nimemrekodi mume wangu kwa simu bila yeye kujua. Nimwoneshe ili aniambie alikuwa akiwaza nini?

Futa. Wala usijitetee kwa Ickes, ambaye hurekodi kwa siri, kwani hata yeye huwaambia wahusika mara baada ya kurekodi, na asiporidhia mmoja, mkanda hufutwa. Mkitaka zoezi hili, kubalianeni kwanza na mlifanye mbele ya mshauri aliyefunzwa. Kama nyumbani kwenu kuna kipigo, msilifanye kabisa, kwa kuwa wazo lililotamkwa mbele ya mshauri mchana laweza kulipiwa usiku. Nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.