Mjomba wako na mbio za Safari

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Korogwe. Huku hatujambo, mvua zimekuja kwa wakati na shamba la bondeni limependeza.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wazee wamekukabidhi kuandika wasifu wa mjomba wako, usomwe siku ya kuweka msalaba kaburini, na umeniuliza mambo mawili: alikuwa akikimbiza gari kwa kasi gani, na alishinda mara ngapi? Umeniambia umepekua orodha za washindi wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, jina lake hukuliona, na huku picha ya sebuleni inamwonyesha kando ya Peugeot 404 yenye namba mlangoni. Ningeweza kukupigia simu, lakini nimeona jambo hili lina stahili ya kuandikwa.

Hakushinda hata mara moja. Na kasi, mwanangu, sikuwahi kumsikia kaka yangu akiitaja, hata siku wenzake walipokuwa wakijisifu kwayo.

Wewe umekua ukitazama kwenye simu zile mbio za Wamarekani, magari mawili yamepangwa sambamba, taa ikiwaka yanafyatuka kwenye barabara iliyonyooka ya mita 402, na hujameza mate zimekwisha. Wenyewe wana chama chao cha NHRA tangu 1951 na sina ubaya nazo, zina ufundi wake mkubwa. Ila ukimpima mjomba wako kwa mizani ya mbio zile utaandika habari za mtu mwingine kabisa.

Safari ilianza 1953, mwaka wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ndiyo maana mwanzoni iliitwa Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, kwa sababu watu walitaka kujua gari gani la kawaida linaziweza barabara zetu. Nilipokuwa msichana ilikuwa imefika mwendo wa kama kilomita 5000, usiku na mchana, na ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka. Pasaka kwetu ni masika. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unalishika gari mpaka kwenye ekseli, na mto uliouvuka asubuhi kwa miguu jioni unabeba magogo.

Tena barabara hazikufungwa. Humo humo mlikuwa na basi la abiria, lori la mkonge, ng'ombe, na sisi watoto tuliosimama ukingoni. Dereva alipewa kadi, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Ukichelewa, kila dakika ilihesabiwa adhabu. Mshindi alikuwa yule aliyepoteza dakika chache kuliko wenzake, na gari likiwa bado linatembea. Hilo la pili ndilo lililowashinda wengi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena saba. Na miaka yote miwili walioshinda walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mjomba wako aliyajua majina hayo kabla hajayajua ya mawaziri.

Sasa yeye aliingiaje humo? Alipomaliza darasa la nane babu yako alitaka awe karani kwenye shamba la mkonge kama yeye. Kaka akaenda Tanga, akaomba kazi kwa Kalasinga mmoja mwenye gereji, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Babu alinuna kwa muda mrefu. Mwenye gereji alikuwa mpenzi wa Safari, naye kila alipopata fedha alitengeneza 404 yake na kwenda kushindana. Hakuwa na kampuni nyuma yake, matairi alikopa. Lile gari la kwenye picha ni lake, na kaka yangu anaonekana pale kwa sababu ndiye aliyelala chini yake usiku uliotangulia.

Kazi yake ilikuwa gari la huduma. Hili uliandike vizuri, kwa maana vijana hamlijui. Gari la mashindano likiondoka mahali, mafundi wanalikimbilia mbele kwa njia za mkato, wamebeba matairi, shokapu, springi, madebe ya petroli, kioo cha akiba, jeki na spana, ili likitokea upande wa pili liwakute wanangoja. Wakichelewa wao, dereva amekwisha. Nao hawana namba mlangoni, hawana kadi, askari akiwasimamisha wanajieleza kama dereva mwingine yeyote. Ukitaka kweli kujua kuhusu kasi, ilikuwa hapo, na hakuna aliyeipima.

Niliwahi kuiona kazi hiyo kwa macho yangu, Mombo, magari yalipokuwa yakishuka kutoka Usambara. Bibi yako alinipeleka na kikapu cha mayai ya kuchemsha na birika la chai. Tulikaa kando ya barabara tangu jioni. Mvua ikaja, ikaenda, ikarudi. Magari ya watu wengine yakapita, mengine tukayasikia yakihangaika kule juu milimani yasitokee tena. Usiku wa manane likaja la kwetu, taa moja imekufa, matope mpaka kwenye paa, kioo cha mbele kimebaki kitundu cha kuchungulia. Injini haijazimwa, kaka yangu keshaingia chini. Sikuelewa alichokuwa akifanya, nilimwona miguu tu. Wawili wanabadilisha tairi, mmoja anafuta kioo, mmoja anamimina petroli. Dereva hakushuka. Nilimpa kikombe cha chai dirishani, mkono wake ulikuwa unatetemeka, akanirudishia kikombe kikiwa nusu na gari likaondoka. Chai iliyobaki humo ilikuwa bado inafuka moshi. Kaka akatoka matopeni akatusalimu ndiyo kwanza, kwa adabu zote, kama aliyetukuta sebuleni. Kisha wakarundika vitu kwenye pikapu na wao wakatoweka kwenda kulingojea mbele.

Bibi yako alisema njia nzima kurudi nyumbani kwamba kazi ile si ya mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hakuna kazi nyingine atakayoipenda hivyo.

Kuhusu magwiji wa siku zile, sisi Watanzania tulikuwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda na Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967, wote kwa 404. Hapa kwetu watu walifurahi mno. Lakini aliyemkaa kaka yangu rohoni alikuwa Joginder Singh wa Kenya, yule waliyemwita Simba. Joginder alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwanda ilishindana nalo mwaka uliotangulia, wakalifungua, wakalifunga upya wenyewe, wakashinda wakiwa wamemwacha wa pili kwa dakika 100. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Ila kitu ambacho kaka alikirudia mpaka tukakijua kwa moyo ni kwamba Joginder aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. Hilo alilitaja zaidi ya ushindi wake wa mara tatu. Alipenda pia kusimulia mwaka 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walipomaliza wakiwa sawasawa kwa adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa ndiye aliyesonga mbele zaidi bila kupata adhabu. Mimi namwamini kaka yangu kwamba katika mambo hayo ndimo mbio zile zilimokuwa.

Haya, nije kwenye ule mwaka aliokaa ndani.

Ndugu wa mwenye gereji, aliyekuwa akimsomea ramani, alihamia Uingereza. Mzee yule akamwambia kaka, utakaa wewe. Siku zile Mwafrika mweusi kukaa mbele ndani ya gari la Safari ilikuwa nadra. Magari yalikuwa ya wenye nazo, Wazungu na Wahindi, na sisi tulikuwa wasukumaji na mafundi. Kaka aliandikishwa dereva wa pili na msoma ramani, akaenda Nairobi na shati jipya alilolikopa, wakaondoka jukwaani watu wakipunga bendera. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya walioondoka. Wewe unatafuta kwenye karatasi za waliomaliza.

Walikwenda vizuri siku ya kwanza. Ya pili jiwe likatoboa tangi la petroli. Alikata kipande cha sabuni ya mche, akakikanda, akaziba tundu akiwa amelala kwenye maji, wakaendelea. Kisha wakakwama kwenye tope saa nyingi, wanakijiji wakawasukuma, wakatoka wakakwama tena. Walipofika kituo kilichofuata walikuwa wamepita muda unaoruhusiwa, wakaambiwa wametolewa mashindanoni. Watu wengi wakifika hapo hutafuta mahali pa kulala. Wao walikunywa maji, wakabadilishana usukani, wakaifuata njia yote iliyobaki, kituo kwa kituo, huku hakuna anayewahesabu. Walipoingia Nairobi meza zilikuwa zinakunjwa. Bwana mmoja aliyekuwa akikusanya kamba akawatazama, akaacha kamba, akaja akawapa mkono.

"Hatukuhesabiwa," aliniambia kaka yangu, "lakini gari lilifika, na kwa nguvu zake lenyewe."

Ningependa maneno hayo yasomwe yalivyo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Kwetu petroli ikaadimika, ikafika magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwenye gereji akafunga, akaondoka nchini. Kaka akageuka dereva wa lori la mkonge, na huyo ndiye mjomba mliyemjua ninyi.

Mlikuwa mkimcheka, nakumbuka, kwa jinsi alivyovuka maji. Mahali popote barabara ilipofunikwa na maji, hata ya kwenye kifundo cha mguu, alisimamisha lori, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwa miguu mpaka ng'ambo na kurudi, akipapasa chini kwa nyayo. Kisha ndipo akawasha. Alikuwa anatafuta mawe na mashimo, na anapima kama maji yatafika kwenye feni. Alijifunza hilo kwenye Safari na hakuliacha mpaka alipokabidhi leseni. Vivyo hivyo kuendesha na kioo kimeshushwa hata kwenye vumbi, ili alisikie gari. Mara nyingi alijua beringi imeanza kuchoka siku nyingi kabla haijalia kwa masikio yetu sisi.

Miaka ya 1990 alikuwa akimfuatilia Patrick Njiru wa Kenya na Subaru yake kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tena, na unaijua sababu yake sasa. Mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, binamu yako alimwonyesha kwenye simu. Alitazama mpaka betri ikaisha. Alisema barabara zimefungwa, ng'ombe hakuna, usiku wanalala, lakini vumbi ni lile lile na vijana wanajua kazi.

Basi, kwenye wasifu usiandike bingwa, wala usiandike mkimbiza magari maarufu. Wazee watakaokuwepo wanamjua, na yeye mwenyewe angeona haya. Andika kwamba alikuwa fundi wa gari la huduma katika Safari ya Afrika Mashariki, na kwamba mwaka mmoja alikuwa dereva wa pili na msoma ramani. Andika tangi na sabuni. Andika kwamba walifika. Jina la mwenye gereji lipo nyuma ya ile picha kwa mwandiko wa kaka. Uliza kwa watu wa Tanga kama ana jamaa waliobaki, waalikwe nao, ni haki yao. Mchungaji akikuambia habari za gari ni ndefu, punguza za shule yake, hizo hazikuwa nyingi.

Picha usiitoe kwenye fremu mwenyewe, kioo kimeganda nayo. Ipeleke kwa mpiga picha wa stendi akaitoe nakala kubwa, na nakala moja umpe binti yake mkubwa. Hela nitakutumia kesho kwa simu. Nitumie ulichoandika kabla ya Jumapili, nikisome kwanza.

Mama yako