Jibu: Huzuni katika "Makaburi ya Wayahudi" ya Ruisdael

Umeuliza kama Jacob van Ruisdael, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alichora tu alichokiona katika picha hii, au huzuni ile kaitia kwa makusudi. Kaitia, na ushahidi umo ndani ya picha yenyewe.

Makaburi ni ya kweli: yapo Ouderkerk aan de Amstel, karibu na Amsterdam, na hadi leo unaweza kuyatambua. Lakini eneo lile ni tambarare. Vilima hakuna, wala kile kijito kinachofoka katikati ya mawe. Picha hii aliichora mara mbili; magofu ya nyuma, kwenye ile iliyoko Detroit, Marekani, yametoka Egmond, upande wa Alkmaar, Uholanzi kwenyewe. Yaani kakusanya vipande vya sehemu mbalimbali akavipanga vizungumzie jambo moja: kila kinachojengwa hubomoka, hata kaburi.

Sasa angalia mwanga. Wingu zito limefunika karibu kila kitu, ila jua limeachiwa kupiga jiwe jeupe la kaburi na ule mti mkavu. Jicho lako linapelekwa hapo kwanza, ndipo lipande hadi kwenye upinde wa mvua. Wengi huuruka upinde huo kwa kuwa ni hafifu, wakabaki na kifo peke yake. Kwa Mkristo wa karne ya 17 ile ni ahadi ya Mungu kwa Nuhu. Na majani mabichi yanayochipua kuzunguka magofu nayo usiyapite.

Ile ya pili iko Dresden, Ujerumani. Ni ndogo zaidi. Ziweke mbili pamoja ulinganishe magofu.