Video ya vitanda inamaliza bando

Swali: Shikamoo mama. Natengeneza vitanda vya mninga Keko, Dar es Salaam. Video ya dakika 6 kwenye tovuti yangu hujianzisha yenyewe na muziki. Wateja wanalalamikia bando. Kwa wengine haianzi kabisa.

Jibu: Marahaba, fundi. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome mara nyingi huzuia video inayojianzisha kwa sauti. Acha mteja abonyeze mwenyewe. Ipandishe YouTube, kisha uibandike kwenye ukurasa wako. Mtandao ukilegea, ubora hushuka wenyewe badala ya video kukwama.

Muziki uutoe. Niliponunua kitanda, nilitaka kuona maungio, sikuyaona popote! Sekunde 40 zinatosha: ulimi wa mbao ukiingia tunduni, kisha mtu mzima akikaa ukingoni, tusikie kama kinalia. Bei iandike chini yake.