Fouga ilikuwa moja tu: jibu la fundi kuhusu ndege za kivita kwa nchi ndogo

Ndugu, umeuliza kama nchi ndogo isiyo na ugomvi mkubwa na majirani ina haja ya ndege za kivita, au ni pambo la gwaride siku ya uhuru. Wengi waliokujibu wametaja New Zealand, iliyoachana na jeti zake za kivita, na kufunga mjadala. Mimi sina cheo chochote cha kijeshi. Ni fundi wa ndege, mekanisie kama tunavyosema huku Lubumbashi, na zaidi ya miaka 20 nimeimaliza chini ya mabawa ya ndege ndogo za mizigo pale Luano, uwanja wa ndege wa mji huu. Nitakujibu kwa urefu, maana mji huu wenyewe ulishawahi kuwa makao makuu ya nchi ndogo yenye ndege ya kivita. Moja.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, ikawa mji mkuu. Mapema mwaka 1961 ziliingia Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa. Ukiijua Fouga huwezi kuiogopa sana: ni ndege ya kufundishia marubani, ina injini mbili ndogo za jeti, mkia wa umbo la V na bunduki mbili za rashasha puani, na inabeba mabomu madogo machache. Ya kwanza ilianguka katikati ya mwaka. Ya pili askari wa Umoja wa Mataifa waliikamata hapa hapa uwanjani mwisho wa Agosti. Ikabaki moja, kwenye mji wa Kolwezi, ikirushwa na mamluki wa Kibelgiji.

Hiyo moja ndiyo iliyowatesa watu. Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano kati ya Umoja wa Mataifa na Katanga yalipoanza, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu 150 na kitu, kilizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Walipigana siku tano. Fouga ilikuwa inakuja, inapiga, inarudi Kolwezi kunywa mafuta, halafu inakuja tena. Msaada uliotumwa kutoka huku ulikwama kwenye daraja la mto Lufira, na pale pia ndege ile ile iliwafuata. Waireland waliishiwa maji na risasi, wakaweka silaha chini.

Mjomba wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa huko Likasi. Mama yao aliwasukuma wote chini ya kitanda cha chuma, na kuku wakaingia nao humo humo. Alipokuwa hai nilipenda kumrudisha kwenye hiyo habari, na kila mara alianzia mahali pale pale: "Shiye batoto tulihesabu ndege tatu. Asubui moya, saa sita moya, mangaribi moya. Kumbe ilikuwa ile ile, ilikuwa inarudia." Akamaliza anacheka. Lakini hata watu wazima walihesabu vibaya siku zile. Usiku wa tarehe 17 Septemba, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alisafiri kwenda Ndola, Zambia ya leo, kwa ndege ya abiria ya DC-6 iliyozunguka njia ndefu ya mashariki, kwa kimya, kwa hofu ya hiyo Fouga. Ilianguka karibu na Ndola. Sababu ya kuanguka imegombaniwa mpaka leo na sitaingia huko. Ninachotaka uone ni kwamba ndege moja ya kufundishia ililazimisha shirika la dunia nzima kupita uchochoroni.

Sasa, kwa nini iliweza? Kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya askari Kongo, una ndege za kubeba mizigo, lakini hauna hata moja ya kuikabili ile. Basi. Wakati nilipokuwa kijana nilidhani ni ushujaa wa rubani. Baadaye nikaelewa kwamba jogoo akiwa peke yake uani, hata awe kifaranga, ndiye mfalme.

Mwezi uliofuata yakaja majogoo wengine. Sweden ilileta jeti za kivita za Saab J 29, zile nene zinazoitwa Tunnan, yaani pipa. Ethiopia ikaleta jeti za kivita za Sabre, India ikaleta jeti za mabomu za Canberra. Desemba 1961 Canberra zilipiga uwanja wa Kolwezi. Katanga ilijaribu tena kujijenga kwa ndege za pangaboi aina ya Harvard na vitu vingine vya kuokoteza, na mwisho wa Desemba 1962 J 29 zikashuka juu ya viwanja vyake na kumaliza kazi ndege zikiwa zimeegeshwa chini. Januari 1963 hapakuwa tena na nchi inayoitwa Katanga.

Kwa hiyo nikisoma mtu anaandika "ndege za kivita hazina maana kwa nchi ndogo", namkumbuka mjomba chini ya kitanda. Nikisoma mwingine anaandika "hata mbili tatu zinatosha kuleta heshima", nakumbuka Kolwezi. Ndege mbili tatu zinatosha mpaka siku anapotokea mwenye nane.

Na Ireland yenyewe ilijifunza nini? Hapa ndipo habari inanichekesha. Katika miaka ya 1970 jeshi lao la anga lilinunua ndege gani? Fouga Magister! Zile zile zenye mkia wa V. Walizirusha mpaka mwisho wa miaka ya 1990, wakaziweka pembeni, na tangu hapo hawana jeti ya kivita hata moja. Wana Pilatus PC-9 za pangaboi, za mafunzo, zinazoweza kubeba silaha kidogo. Magazeti yao yameandika mara nyingi juu ya makubaliano ya kimya kimya ya kuiachia Uingereza iwafukuzie ndege wasizozielewa. Kinachonishangaza mimi si kukosa jeti. Kwa miaka mingi hawakuwa hata na rada ya kijeshi ya kumwona mtu aliyezima kifaa cha kujitambulisha angani. Unaweza kukosa fimbo, lakini kukosa macho nako?

New Zealand ni habari nyingine, na wanaoitaja hapa wanaisoma nusu. Serikali ya Helen Clark ilifuta mpango wa kukodi jeti za kivita za F-16 mwaka 2000, na mwaka 2001 ikavunja vikosi vya jeti zake za Skyhawk. Ni kweli. Lakini hawakukaa bure: wana P-8 Poseidon nne za kuchunguza bahari, wana ndege za mizigo za C-130 mpya, wana helikopta. Tena jirani yao wa karibu ni Australia, na kati yao kuna kama kilomita elfu mbili za maji. Nchi yenye ukuta wa maji namna ile inaweza kuchagua. Chukua nchi ambayo mpaka wake ni barabara, upande huu mama anauza nyanya kwa franga na upande ule kwa kwacha, halafu uniambie kama mfano bado unakaa.

Kwa wale wa Baltiki, Estonia, Latvia na Lithuania, jibu walilopata tangu 2004 ni kukopeshwa. Wenzao wa muungano wa kijeshi wa NATO wanapokezana kuleta ndege kwenye kiwanja cha Šiauliai, Lithuania, na baadaye Ämari, Estonia, pia. Ni mpango mzuri ukiwa na marafiki wa kupokezana. Huku kwetu sijauona.

Sasa niingie hangani, maana hapo ndipo nina haki ya kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilifanya kazi kwenye kampuni moja ndogo yenye ndege mbili ndogo za LET 410. Siku moja jenereta ya kuwashia injini ya kulia ilikufa. Ni kitu cha kubebwa na mtu mmoja kifuani. Tajiri aliagiza, wakamwambia wiki mbili. Wiki ya tatu akaja hangani, akasimama mbali kidogo na grisi, akasema, "Fundi, toa ya ile ingine." Nikatoa. Pale palipobaki wazi nikafunga etiketi nyekundu kwa waya, nikaandika tarehe na jina la piyesi, yaani kipuri. Mwezi uliofuata ikawa pampu ya mafuta. Halafu tairi la mbele. Halafu saa ya mwendo. Sisi tulikuwa tunasema "tunaila". Baada ya miezi minane ile ndege ilikuwa imening'inia etiketi nyekundu kama mti wa Noeli, na jenereta iliyoagizwa ilipofika hatimaye, hapakuwa na pa kuifunga, maana hata bolti zake tulishazihamisha. Kwenye karatasi za kampuni, wakati wote huo, ndege zilikuwa mbili.

Mjomba alihesabu tatu penye moja. Tajiri wangu alihesabu mbili penye moja. Wizara za ulinzi huhesabu kama tajiri wangu.

Na LET ni punda, inavumilia. Jeti ya kivita ni farasi wa mashindano. Ukinunua sita, usifikiri una sita: moja imefunguliwa kwa ukaguzi mkubwa, moja inasubiri kipuri, moja inafundishia vijana, na moja, Mungu akusamehe, mmeanza kuila. Zinabaki mbili, na mbili ndizo unazohitaji ziwe tayari usiku na mchana ili uweze kumfuata mgeni angani, kwa kuwa hairuki moja peke yake. Rubani naye anafifia asiporuka. NATO wanalenga kama saa 180 kwa mwaka kwa kila rubani wa ndege za kivita. Piga hesabu ya kerozeni ya saa hizo, kisha ongeza viti vya kurukia, vile vinavyomtupa rubani nje ndege ikiharibika, vyenye baruti inayoisha muda, matairi, na mkataba wa fundi mgeni anayelala hotelini. Bei ya kununua ni mahari tu. Ndoa yenyewe bado. Uganda ililipa kama dola milioni 740 kwa jeti za kivita sita za Su-30 na vifaa vingine vya kijeshi mwaka 2011 na zogo likawa kubwa bungeni, lakini zogo lote lilikuwa juu ya mahari.

Kama unadhani hayo ni matatizo ya maskini, soma ya Uswisi. Tarehe 17 Februari 2014, rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines aliyetoka Addis Ababa kwenda Roma alimfungia nje nahodha wake na kuipeleka ndege Geneva alfajiri. Waitaliano wakarusha jeti kuifuata, Wafaransa wakaipokea na kuisindikiza mpaka inatua. Waswisi wenyewe, wenye jeti za kivita za F/A-18 safi kabisa, hawakuruka. Kikosi chao kilikuwa kinafanya kazi saa za ofisi. Ilibidi wapange upya zamu na watu mpaka mwisho wa 2020 ndipo wakaweza kukesha. Kwa hiyo unaweza kuwa na ndege na usiwe na ulinzi, kama vile mtu ana mbwa lakini amempa likizo usiku.

Mtu ataniuliza: basi nchi ndogo inunue nini? Nitakujibu kwa Kolwezi tena. Mei 1978 waasi walipoushika mji, Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilikuwa na jeti za kivita za Mirage za Kifaransa zilizonunuliwa kwa mbwembwe. Waliofungua mji walikuwa askari wa Legioni ya Ufaransa walioruka kwa parashuti tarehe 19 Mei, na baadhi ya ndege walizorukia zilikuwa C-130 za Zaire yenyewe. Ndege ya mizigo, isiyopigwa picha na mtu. Mimi ningeanza na rada na watu wa kuisoma, kisha ndege mbili tatu za mizigo, kisha helikopta za kubeba majeruhi, kisha za pangaboi zenye macho mazuri kwa ajili ya mipaka na misitu. Droni pia, ingawa droni nazo zina hanga na zina kipuri, zisikudanganye. Jeti ningeifikiria baada ya hayo kukaa miaka kumi bila kula mojawapo, na pale tu ambapo jirani anazo na ana tabia ya kupita juu ya mapaa ya watu. Huyo jirani akiwepo, nakubali, hesabu inabadilika, na mtu asikucheke ukinunua. Lakini nunua kumi na mbili au uache.

Umeuliza mwishoni kuhusu mitumba, zile jeti za mafunzo zinazouzwa na nchi zilizobadilisha. Usimuulize muuzaji umri wa ndege. Muulize injini zimebakiza saa ngapi kabla ya kufunguliwa, na nani anazifungua leo, katika mji gani. Muulize viti vya kurukia tarehe ya baruti. Halafu omba uingie hangani kwake, si chumba cha mikutano, na utazame zile zilizoegeshwa nyuma kabisa. Kama zina etiketi nyekundu, soma tarehe.